Jumanne za Mwongeli

Muthetheni,
Jumapili, 19 Januari 2025

Dada Nduku,

Salamu zikufikie huko kwenye mawe. Sisi tuko wazima. Mama yetu, Mwaitu, anakusalimu sana. Nyonga bado inamsumbua, lakini mdomo hauna shida yoyote. Leo amesikiliza ibada nzima kwenye redio kisha akamkosoa mhubiri. Mke wangu Mukai amerudia biashara yake ya mitumba, Jumanne na Ijumaa anazunguka masoko na mzigo wa nguo za watoto. Binti yetu Mwongeli ameingia Gredi ya Tano. Mdogo wake Mumo ametimiza mwaka mmoja na miezi miwili na anatembea kama mlevi. Juzi alitembea mpaka ndani ya beseni la maharagwe.

Naandika kwa sababu Krismasi ulisema umechoka na mimi kwa simu, ati nikiulizwa jambo gumu network inapotea. Basi nimekubali. Rodgers anakuja Lukenya kila wiki na lori lake kuchukua mawe ya kujenga darasa jipya la shule yetu. Huyo ndiye posta wetu.

Sasa habari yenyewe. Mdogo wako amekuwa mtu mkubwa. Jumatano kulikuwa na mkutano wa wazazi, na mwalimu mkuu, Bi. Nzilani, alitusomea rejista ya mwaka jana. Shule ina watoto mia tatu na kumi na wawili, na hakuna hata siku moja ambayo wote walikuwa darasani. Kuna siku darasa lote la nne lilikuwa watoto kumi na mmoja. Akauliza ni nani atajitolea kuzunguka nyumbani kwa watu aulize watoto hubaki kwa nini. Kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimechelewa na sikusikia swali. Nikainua mkono kuuliza tumefika wapi, na hivyo ndivyo nilivyochaguliwa kuwa katibu wa mahudhurio.

Lakini sasa nimeipenda hiyo kazi. Nimepata daftari la jalada gumu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani napitia boma mbili. Najua utacheka, wewe ambaye sisi wote hapa tunajua kitabu kilikukimbiza. Watoto wa siku hizi lakini lazima wakae darasani, dada, dunia si ile tena.

Mukai anauliza kama bado unapika zile chapati za kupasuka tabaka.

Ni mimi, katibu,
Titus.


Lukenya,
26 Januari 2025

Katibu Titus, mwana wa mwaitu,

Barua yako imefika na vumbi la Rodgers na harufu ya dizeli. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Lavender asikie. Lavender ni yule mama wa kutoka upande wa ziwa ninayepika naye hapa hotelini. Amecheka mkono wako ulioinuka mpaka akaunguza vitunguu.

Mimi niko salama. Wavunja mawe wanakula kama kawaida, maana yake wanakula kila kitu. Wiki iliyopita Lavender alileta omena, wale dagaa wa kwao ziwani, na vijana wetu wa Ukambani wakasema hawali vitu vyenye macho. Ilipofika Alhamisi walikuwa wanauliza kama zimebaki. Chapati za tabaka bado napika, lakini za Lavender sasa ni nzuri kuliko zangu. Usimwambie mtu.

Nimefurahi umepewa kazi hiyo. Acha nikushauri kidogo, mimi ambaye huuza chakula na najua watu. Usiingie kwa boma la mtu na daftari mkononi, atafikiri umetumwa na chifu. Kaa kwanza. Ukipewa uji, kunywa. Uliza habari za mbuzi. Mambo ya mtoto yaje mwisho, na ukiambiwa sababu, usiijibu hapo hapo. Nenda nayo nyumbani.

Hayo mengine ya mimi na kitabu ni ya zamani.

Mwaitu nimemtumia leso ya kufunga kiuno, iko na Rodgers. Na uniambie Mwongeli anafundishwa nini huko Gredi ya Tano. Niandikie yote, hata ukiona ni kitu kidogo.

Dada yako,
Nduku.


Muthetheni,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Dada yangu mpenzi,

Tumepokea leso. Mwaitu ameifunga akaenda nayo kanisani na kurudi, na nyonga haikulia njiani. Mbuzi yule mweusi amezaa wawili. Mumo sasa anasema neno moja tu, "hapana", na analisema vizuri sana.

Ushauri wako wa uji umefanya kazi kuliko daftari. Nimekunywa uji wa boma thelathini na tatu, mpaka Mukai ananiuliza kama nimeoa kwingine. Na mambo niliyoyapata, dada, hakuna mwalimu angeyajua akiwa ofisini.

Unamkumbuka Mutiso wa pale kwa kisima? Ana mapacha Gredi ya Tatu. Rejista inaonyesha mmoja huja Jumatatu, wa pili Jumanne, wa kwanza tena Jumatano, hivyo hivyo mwaka mzima. Walimu walidhani ni utundu. Nilikaa kwa Mutiso, nikanywa uji, nikauliza habari za mbuzi. Kumbe watoto wana jozi moja ya viatu, na Mutiso alikuwa ameambiwa zamani kwamba bila viatu mtoto atarudishwa. Mtu mzima amebeba hilo neno miaka miwili bila kumwambia mtu. Nikampelekea Bi. Nzilani habari hiyo. Akasema rejista haina mahali pa kuandika miguu. Kesho yake mapacha wote walikuja, mmoja na viatu, mwingine na ndala, na walimu ndiyo mara ya kwanza wanawaona pamoja.

Mtoto mwingine alikuwa anabaki kuangalia ndege wasimalize mtama. Mwingine alikuwa anaogopa mbwa wa njiani tu. Huyo wa mbwa sasa anapitia kwetu tunamsindikiza.

Wiki iliyopita tulifika watoto mia mbili na themanini kwa siku moja. Bi. Nzilani alipiga makofi mbele ya paredi.

Kesho niko na mkutano wa kamati asubuhi, kwa hivyo Rodgers atachukua barua hii hapa nyumbani. Mwongeli yuko sawa.

Katibu wako mwenye tumbo la uji,
Titus.


Lukenya,
23 Februari 2025

Titus,

Hapa tuko salama, jua ni kali na mawe yanachoma mikono. Hiyo habari ya mapacha nimeisimulia hotelini na mzee mmoja wa kuchonga mawe akaacha chai ipoe. Umefanya kazi nzuri. Nakuambia hivyo kwanza ili usisahau nikimaliza.

Rodgers alifika Jumanne mchana akala hapa. Alisema barua alipewa na Mwongeli, saa nne asubuhi, Mumo akiwa mgongoni kwake na uji uko jikoni. Alimsifu sana, ati msichana mdogo anajua kazi.

Mwongeli alikuwa mgonjwa siku hiyo?

Tena ulisahau kuniambia anafundishwa nini.

Nduku.


Muthetheni,
9 Machi 2025

Dada Nduku,

Natumaini jua limepungua huko. Hapa mawingu yameanza kukusanyika na watu wote wako mashambani. Nimelima ile sehemu ya chini mpaka kwa mwembe uliokauka, safari hii napanda pojo nyingi kuliko mahindi. Mbuzi wadogo wanaendelea vizuri. Mwaitu amegombana na betri za redio.

Kazi ya shule inasonga. Mwezi wa pili tulifikia tisini kwa mia. Watu wa elimu walikuja wakaniuliza nimefanyaje, nikawaeleza kuhusu uji, wakaandika. Nimefikiria pia jambo jipya: katika mkutano mkubwa wa mwezi wa sita nitasoma mbele ya wazazi majina ya watoto kumi waliokosa zaidi. Aibu kidogo husaidia.

Msalimie Lavender na omena zake.

Titus.


Lukenya,
15 Machi 2025

Titus,

Tumepokea barua, asante. Pojo ni wazo zuri.

Network imepotea tena?

Nduku.


Muthetheni,
23 Machi 2025

Dada Nduku,

Habari za huko. Sisi tuko salama, mvua imeanza.

Nimesoma barua yako na ukweli haikunifurahisha. Nitakujibu basi, kwa vile umeng'ang'ana. Mwongeli hakuwa mgonjwa. Mukai akienda soko Jumanne na Ijumaa mtu lazima abaki na Mumo. Mwaitu hawezi kumwinua kwa sababu ya nyonga. Mimi niko shambani, au niko kwa watu nikitafuta watoto warudi shule, ambayo ni kazi ya wote. Ni siku mbili tu. Mwongeli ana akili nyepesi, daftari za wenzake anazinakili jioni na bado alikuwa wa nne darasani. Sijamtoa shule. Siku mbili si kitu.

Na nisamehe nikisema hivi, lakini wewe si mtu wa kunifundisha hayo. Uliacha shule darasa la sita kwa kuwa hukupenda, kila mtu hapa nyumbani anajua, na hakuna aliyekushika mkono. Leo una hoteli yako na unaishi vizuri. Kwa hivyo wacha kila mtu alee watoto wake.

Mvua ikipungua nitakutumia pojo mpya.

Titus.


Muthetheni,
4 Mei 2025

Dada,

Natumaini u mzima. Shule zilifungwa na sasa zimefunguliwa, na Rodgers amekuja huko mara tano bila kurudi na barua. Nilimuuliza kama anaziangusha njiani akakasirika. Alisema umemkaribisha chakula kila mara, na kila mara ukamwambia, "Msalimie Titus." Basi.

Pengine niliandika vibaya. Tulikuwa tumechoka na kupanda.

Mumo ana meno sita. Mwaitu anauliza habari zako kila siku na mimi namwambia uko na kazi nyingi.

Titus.


Lukenya,
18 Mei 2025

Titus ndugu yangu,

Mimi niko salama kabisa. Kazi ni nyingi, machimbo yameajiri watu wengine na tumeongeza benchi mbili. Lavender alipata homa akapona. Baridi imeanza, asubuhi ukungu unafunika mlima hadi saa tatu, na wateja wanakunywa chai kama ng'ombe.

Pojo zimefika, zimeiva vizuri kwa moto mdogo. Asante.

Hayo mengine sina la kuandika. Mwambie Mwaitu nimemkumbuka, na asilale bila soksi.

Nduku.


Muthetheni,
22 Juni 2025

Dada yangu Nduku,

Salamu kutoka kwa kila mtu. Hapa ni baridi na manyunyu, nguo hazikauki. Hilo limeniletea kazi nyingine, kwa maana watoto walianza kukosa Jumatatu: yunifomu inafuliwa Jumamosi na mpaka Jumatatu bado inadondosha maji. Bi. Nzilani amesema mwezi huu na ujao mtoto aje na nguo yoyote kavu. Paredi yetu sasa ni kama soko la Mukai.

Barua hii ni ndefu. Keti.

Wiki ya kwanza ya mwezi nilienda ofisini kwa Bi. Nzilani kuchukua yale majina kumi ya kusoma mkutanoni. Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake kwenye karatasi moja. Nikaanza kusoma nikiwa nimesimama. Jina la tatu lilikuwa Mwongeli Titus, siku thelathini na moja. Nikakaa. Bi. Nzilani alikuwa anapanga chaki kwenye kisanduku. Halafu akasema, "Nilikuwa nangoja ufike kwako mwenyewe. Umeingia kila boma isipokuwa moja." Akaniuliza kama siku ya mkutano nitasoma yote au nitaruka. Nilikumbuka uliniambia niende na sababu nyumbani.

Nikaenda nyumbani. Mwaitu alikuwa amekaa juani anachambua pojo kwenye uteo. Sijui ni kitu gani kilinisukuma, lakini nilikaa karibu naye nikamuuliza, "Mwaitu, Nduku aliacha shule kwa nini?"

Akaendelea kuchambua. Akasema, "Hujawahi kuuliza."

Nikamwambia kila mtu anajua hakupenda masomo.

"Hilo nililisema mimi," akasema.

Kisha akanieleza, dada, bila kuniangalia. Kwamba baba alikuwa ameshatutoka, na mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Kwamba alipata kazi ya kuchuma kahawa Kangundo, siku mbili kwa wiki, na wewe ukabaki na mtoto hizo siku mbili. Kisha zikawa siku nne. Kisha akawa analala huko huko anarudi Jumamosi. Mwalimu wako alikuja nyumbani mara tatu kukutafuta, na mara ya tatu Mwaitu akaona haya kusema ukweli, akamwambia msichana amekataa shule mwenyewe. Alisema ulikuwa umesimama mlangoni na ulisikia, na hukumkanusha.

Nikauliza, "Na huyo mtoto?"

"Ulikuwa na miezi minane," akasema. "Na ulikuwa mzito."

Baadaye akaanza kusema, "Ukimwandikia mwambie..." akaishia hapo, akaomba redio yake. Nikampa.

Dada, nina miaka thelathini na miwili, na tangu nijue kusema nimekuwa nikikutania kwa jambo ambalo sababu yake ni mimi. Hata barua ya kwanza nilikutania. Na ile ya mwezi wa tatu sitaki hata kuitaja. Nilimwambia Mukai yote. Yeye hakulia wala hakunilaumu, alisema tu kwamba siku zote amekuwa akiona Mwongeli anavyosimama pale kwa lango Jumanne, wenzake wakipita, na yeye Mukai akiwa ameshabeba mzigo wake anajifanya haoni.

Mkutano ulikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili. Wazazi walijaa, wengine wakasimama nje kwa dirisha. Nilipoitwa nilienda mbele na ile karatasi. Nikasema nimeahidi kuwasomea majina ya watoto waliokosa shule zaidi. Nikasema nitasoma moja. Nikasoma, "Mwongeli Titus, siku thelathini na moja. Anabaki nyumbani kulea mdogo wake, na baba yake anajua." Nikakunja karatasi nikaiweka mfukoni.

Nilifikiri watacheka. Mutiso alikuwa ameshafungua mdomo, kisha akaufunga. Nikasikia watoto wakiimba hesabu darasa la pili. Ndipo Mwende, yule mama anayeuza nyanya na Mukai, akasimama pale nyuma. Akasema, "Wangu ni Kyalo. Huwa namwacha na mtoto siku za soko." Mwingine akasimama. Mwingine. Sikuwa nimewaita, dada. Majina saba kati ya kumi yalisemwa na wenyewe, na mawili ambayo hata hayakuwa kwenye karatasi.

Tulikubaliana hivi. Sisi watatu ambao wake zetu wanaenda soko pamoja tutakuwa na zamu. Ijumaa watoto wadogo wanakaa kwa mama mkwe wa Mwende. Jumanne wanakaa kwangu. Ndiyo, kwangu. Mutiso amenipa jina, sasa siitwi katibu, naitwa yaya.

Jumanne iliyopita ilikuwa ya kwanza. Mukai aliondoka mapema na mzigo. Mwongeli alivaa sweta, akachukua mkoba, akasimama mlangoni akinitazama mimi na watoto watatu kwenye mkeka. Akaniuliza, "Baba, na wewe utafanya kazi saa ngapi?" Nikamwambia hii ndiyo kazi. Alitoka akitembea, na alipofika kwa lango akaanza kukimbia, na hakugeuka.

Kufikia saa tano nilikuwa nimebadilisha nguo mara mbili, zangu si zao. Mmoja alikula chumvi ya mbuzi. Mumo alisema "hapana" mara mia. Nilipomfunga mgongoni alinyamaza, nikatembea naye hapa uani huku na huku, na nikawa nahisi uzito wake kwenye mabega. Nikafikiria wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Sijui jinsi ya kuomba msamaha kwa kitu kama hiki, kwa hivyo nitakuuliza tu jambo ambalo ningepaswa kukuuliza zamani. Ulipokuwa shule, ulipenda somo gani?

Mdogo wako,
Titus.


Lukenya,
6 Julai 2025

Titus, mwana wa mwaitu,

Habari za baridi. Huku ni chai tu. Lavender amejifunza kupika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, na ameweka omena juu yake, na hakuna mtu amekufa.

Barua yako niliisoma jikoni, nikaifunga, nikapika chapati sitini, kisha nikaisoma tena. Sikuwa nimekukasirikia. Kuanzia mwezi wa tatu nilikuandikia barua nne na zote nikazichana, kwa sababu kila moja ilifika mahali pa kumtaja Mwaitu, na sikutaka uanze kumwangalia vibaya akiwa na umri ule. Usimuulize tena. Nilijua jikoni hakuna unga. Nilijua hata siku ile mlangoni. Mwambie nimesema hivyo, na mpelekee betri.

Ni kweli ulikuwa mzito. Pia ulikuwa unaniuma sikio.

Hilo swali lako hakuna mtu amewahi kuniuliza. Nilikaa nalo wiki nzima kama mwanafunzi wa mtihani, na jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Nilipenda Jiografia.

Mwalimu wetu alikuwa ametupa kazi ya kuchora mto Athi kwenye daftari, kutoka unapoanzia mpaka unapoishia, sehemu moja kila somo. Kila siku unaongeza kidogo, unaandika majina ya milima iliyo karibu. Mimi nilikuwa nachora kwa penseli kwanza, halafu wino wa buluu juu yake. Wangu ulikuwa msafi kuliko ya wote, mwalimu aliupeleka darasa la saba wakauone. Nilikuwa nimeuleta kutoka vilima vya Ngong, nikaupitisha hapa karibu na ninapoishi sasa, nikaufikisha Ol Donyo Sabuk, pale unapogeuka. Somo lililofuata lilikuwa Alhamisi. Alhamisi hiyo nilibaki na wewe.

Kila Jumapili nikienda mjini Athi River kununua unga navuka daraja la mto huo. Maji yenyewe si mazuri, utaona mifuko na povu. Huwa nasimama kidogo hata hivyo, na wenye mikokoteni wananiambia, mama, songa. Sijawahi kumuuliza mtu yeyote huo mto ukishageuka unaenda wapi. Najua ningeuliza ningeambiwa. Hata simu ya Lavender ingeniambia. Lakini nilikuwa nimeanza kuuchora mwenyewe, na sikutaka nimaliziwe na mtu tu wa njiani.

Sasa mwambie Mwongeli hivi. Nimetuma na Rodgers daftari la kurasa kubwa, penseli mbili na kalamu ya wino wa buluu. Amuulize mwalimu wake, achore kuanzia Ol Donyo Sabuk, aandike majina yote ya pembeni, na mahali popote unapoishia aweke alama. Asiharakishe. Afanye Jumanne akitoka shule, kidogo kidogo, kila wiki anitumie ukurasa mmoja.

Nitaubandika hapa hotelini, ukutani, mbele ya benchi mpya. Wateja wakiuliza nitawaambia niko darasani.

Shangazi ya Mwongeli,
Nduku.